Vigawo vya Ruiru na Thika

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilihesabu wakazi 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika, na ingawa wapangaji wa miji hutosheka kusema karibu laki tano na laki mbili na nusu, mwanahisabati huzitazama namba hizo hadi tarakimu ya mwisho, kwa kuwa muundo wake wa ndani hupotea pindi zinapokadiriwa.

Muundo huo hutokana na namba tasa, yaani namba inayozidi 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kila namba nzima inayozidi 1, isipokuwa tasa, ni zao la namba tasa ambazo hazibadiliki kwa njia yoyote itakayotumiwa kuzitafuta. Ruiru haisumbui: namba yake inaishia kwa sufuri, ikigawanywa kwa 8 kisha kwa 5 hubaki 12,253, nayo ni tasa. Kazi iko Thika. Namba 251,407 ni witiri, jumla ya tarakimu zake ni 19, hivyo 3 haiigawi, na 5, 7 na 11 nazo huacha baki, mpaka 13 inapokubali na kutoa 19,339. Mwenye kalamu na subira hujaribu tena 13, kisha 17, 19, 23 na kuendelea bila mafanikio hadi 83, ambapo hupatikana 233. Hapo husimama, kwa sababu namba isiyo tasa haikosi kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha 233 ni 15 na ushei, ilhali namba tasa zote zilizo chini ya hapo zimekwisha kukataa.

Kwa hiyo Thika ni 13 × 83 × 233, na haina kigawo chochote cha pamoja na Ruiru ila 1: hakuna ukubwa wa kundi, kuanzia watu wawili, unaoweza kuigawa miji yote miwili pasi na kubaki mtu, na matatu za abiria 14 zingewaacha watu 8 Ruiru na 9 Thika.

Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika karne ya kwanza na ya pili, aliziita zidifu namba ambazo jumla ya vigawo vyake vidogo huzipita zenyewe, na pungufu zile zisizofikiwa. Vigawo vya Ruiru hufika 612,740, vya Thika 23,777 tu, ingawa kuhusisha majina hayo na neema au uhaba wa wakazi ni upuuzi mtupu.

Mtoto mmoja zaidi angezaliwa Thika kabla ya kuhesabiwa, namba ingekuwa 251,408, yaani 16 × 19 × 827, wala 13, 83 na 233 zisingesalia, kwa kuwa kinachogawa namba mbili zinazofuatana hakina budi kuigawa tofauti yake, ambayo ni 1.