Nia moja kwa mwaka mzima

Ndugu Waislamu, kila Muharram inapoingia, yafaa familia ijichagulie nia moja ya kuongoza mwenendo wake, hata mavazi yake. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), ambaye katika ukhalifa wake kalenda ya Hijra iliwekwa, ndiye pia aliyeipokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) hadithi mashuhuri ya nia, na mfano uliotolewa humo ni wa kuhama.

Kwa wakulima wa pamba wa Bariadi na mkoa wa Simiyu, nia hiyo yaweza kuwa uaminifu. Mwaminifu hatii maji wala mchanga katika pamba ili izidi uzito kwenye mizani. Suratul Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Nyumbani, wazazi hawaingii deni ili watoto wao wang’are siku ya Idi kuliko wa jirani. Pamba hutupa nguo ya kusitiri mwili, lakini Suratul A’raf, aya ya 26, yatufunza kuwa vazi la uchamungu ndilo bora.

Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355 tu. Basi tujihesabu kila Ijumaa: je, nia yetu ingali imesimama?

Wallahu a’lam.