Ini linavyopigiwa ngoma ya kalsiamu

Saa tisa alasiri ya Ramadhani, jua la Moshi bado kali. Fundi cherehani wa Majengo ambaye hajaonja kitu tangu daku anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na mkono hautetemeki. Sukari inayolisha ubongo wake saa hiyo inatoka kwenye ini, ambalo kwa mtu mzima aliyeshiba huweka akiba ya glaikojeni ya gramu 100 hivi.

Akiba hiyo hufunguliwa kwa amri za homoni. Glukagoni, homoni ya njaa, ina njia yake kuu. Lakini noradrenalini inayomwagika bodaboda akikukosakosa barabarani, na vasopresini inayotoka kwenye ubongo mwili ukikaukiwa maji, hulifikia ini kupitia kalsiamu.

Vasopresini yenyewe haiingii ndani ya seli. Inanasa kwenye kipokezi kilicho juu ya utando, na papo hapo kimeng'enya cha upande wa ndani kinakata kipande cha mafuta ya utando huohuo. Kipande hicho, kiitwacho IP3, husambaa hadi kwenye vifuko vilivyosheheni kalsiamu na kuvifungua milango. Kwa kawaida kalsiamu huru ndani ya seli ni haba mno, karibu mara 10,000 pungufu ya ile iliyo nje, kwa hiyo hata ikivuja kidogo tu seli nzima inashtuka. Kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni huamka, na glukosi huingia kwenye damu.

Mwaka 1986 Woods, Cuthbertson na Cobbold, watafiti wa Liverpool, Uingereza, walitoa taarifa ya jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu. Waliingiza kwenye seli mojamoja za ini la panya protini ya konyeza, yule kiumbe wa baharini, ambayo hutoa mwanga ikikutana na kalsiamu. Walipoweka homoni, mwanga uliwaka, ukazimika, ukawaka tena. Homoni ikiongezwa, mwanga haukuzidi ukali. Uliwaka mara nyingi zaidi, kama mpiga ngoma asiyeongeza nguvu ya mkono bali kasi. Na ni afadhali iwe hivyo, kwa sababu kalsiamu ikikaa juu muda mrefu huiua seli. Kila baada ya pigo, pampu huirudisha vifukoni.

(Vidonge vya kalsiamu vya dukani havilihimizi ini hata kidogo. Kalsiamu inayohusika hapa imo ndani ya seli tayari.)

Anayechoma insulini ana hesabu nyingine, maana insulini huliambia ini lifunge akiba wakati homoni nyingine zinaliambia lifungue. Akifunga bila daktari kumpangia dozi upya, sukari inaweza kushuka ghafla kabla ya magharibi. Akianza kutoka jasho la baridi na kutetemeka, afungue hapohapo kwa kitu chenye sukari.