Je, Wajua? Risasi Kwanza, Bastola Baadaye

Je, wajua kwamba mojawapo ya orodha kamili zaidi za silaha zilizowahi kupita Bagamoyo iliandikwa na mwandishi wa gazeti? Henry Morton Stanley, aliyetumwa na New York Herald kumtafuta Daktari Livingstone, alivuka kutoka Unguja Februari 1871, na msafara wake wa mwisho ukaondoka Bagamoyo Machi 21. Katika kitabu chake alizitaja moja baada ya nyingine: bunduki ya mitutu miwili ya kupakiwa nyuma, Winchester moja na Henry moja zenye kubeba risasi 16, Starr mbili, Jocelyn moja, bunduki moja ya tembo, bastola mbili za kupakiwa nyuma, bastola sita za mtutu mmoja, na bunduki 24 za gumegume. Kiongozi wa askari wa msafara huo alikuwa Sidi Mubarak Bombay.

Je, wajua kwamba Winchester ya miaka ile na Henry zilikula risasi ileile, yenye kipenyo cha inchi 0.44, yaani karibu milimita 11? Mpagazi wa Bagamoyo alibeba mzigo wa ratili 70 hivi, kama kilo 32. Bunduki mbili zikitumia risasi moja, mzigo mmoja unazilisha zote. Starr na Jocelyn hazikuwa na bahati hiyo. Kila moja ilidai risasi zake. Swali alilokuwa nalo Stanley pale ufukweni ndilo lililo mbele ya kila anayeingia leo katika mashindano ya bunduki tatu: silaha ngapi, za kazi gani, na risasi zake zitatoka wapi?

Mashindano hayo ni yapi? Mshindani hutumia bastola, bunduki ndefu yenye mtutu wa mifuo, na bunduki ya marisau (shotigani). Pengine hutumia zote tatu katika zamu moja, akikimbia kutoka kituo hadi kituo huku saa ikihesabu. Mchezo huu ulishika kasi Marekani katika miaka ya 1980. Mzazi wake ni upigaji shabaha wa bastola wa vitendo, ambao shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper.

Je, wajua kwamba ile bunduki ya tembo ya Stanley na bunduki ya marisau ya mashindano ya leo hupimwa kwa kipimo kimoja? Stanley aliandika kwamba bunduki yake ilibeba risasi "nane kwa ratili". Maana yake, ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika mafungu manane sawa na kufinyanga kila fungu kuwa goroli, goroli hilo ndilo linaloenea mtutu. Hapo kipenyo ni milimita 21 na kidogo. Shotigani ya namba 12, inayotawala mashindano, ni goroli 12 kwa ratili: milimita 18.5. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unazidi kuwa mwembamba, jambo linalowachanganya wengi dukani.

Je, wajua kwamba risasi ya bastola ya milimita 9 imechelewa kuzaliwa kwa miaka mitano tu kuliko boma la Wajerumani la Bagamoyo? Boma lilijengwa mwaka 1897. Georg Luger alibuni risasi hiyo, 9×19, mwaka 1902. Jeshi la majini la Ujerumani liliipokea mwaka 1904 na la nchi kavu mwaka 1908. Namba 9 ni kipenyo cha kichwa cha risasi, na 19 ni urefu wa ganda lake, zote kwa milimita. Mpinzani wake mkubwa, .45 ya John Browning, ina kipenyo cha milimita 11.43 na ilichukuliwa na jeshi la Marekani pamoja na bastola ya M1911. Mdogo wao, .40, alikuja mwaka 1990.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huchagua bastola kwa macho na kujuta baadaye.

Je, wajua kwamba nguvu ya risasi mashindanoni hupimwa kwa kuzidisha tu? Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Risasi ya 9×19 yenye greni 124 (gramu 8) ikienda futi 1,050 kwa sekunde inapata 130. Ile ya .40 yenye greni 180 ikienda futi 950 inapata 171. Ya .45 yenye greni 230 inafika 172 kwa kasi ya futi 750 tu. IPSC inataka walau 125 ili risasi ikubaliwe katika daraja dogo. Kwa daraja kubwa katika kundi la Standard inataka 170, na kipenyo kisipungue milimita 10. Hapo milimita 9 imefungiwa mlango.

Faida ya daraja kubwa ni ipi? Ukipiga katikati ya shabaha, wote mnapata pointi 5. Ukikosea kidogo, mwenye daraja kubwa anapata 4 na mwenye dogo 3. Ukikosea zaidi, ni 2 kwa 1. Kisha pointi zote hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme watu wawili wamepiga risasi 20, na kila mmoja ametia 15 katikati na 5 pembeni kidogo. Wa .40 ana pointi 95, wa milimita 9 ana 90. Wa milimita 9 akimaliza kwa sekunde 12, kiwango chake ni 7.5. Wa .40 anaweza kuchelewa hadi sekunde 12.67 na bado wakalingana. Theluthi mbili za sekunde! Tofauti nzima ya kaliba imo humo, na anayefunga goli kubwa zaidi ni yule mwenye kupiga katikati, kwa kuwa katikati hakuna daraja.

Lakini mashindano mengi ya bunduki tatu hayafuati hesabu hiyo. Huhesabu muda pekee: shabaha ya karatasi ikipata risasi moja katikati, au mbili popote ndani ya alama, imekwisha kufa; ikikosa, unaongezewa sekunde za adhabu. Kwa utaratibu huo risasi nzito hailipwi chochote. Inakutikisa mkono zaidi, inakugharimu zaidi, na magazini yake hubeba chache zaidi. Kwa sababu hiyo milimita 9 ndiyo imejaa viwanjani. Naona ni haki yake.

Vipi vyuma vya kuangusha? Vinakaguliwa kwa risasi za 9×19. Ukikipiga mahali pake, kitaanguka.

Je, wajua kwamba wapo wanaopenda uzito kwa hiari yao? Katika mashindano mengi lipo kundi liitwalo Heavy Metal, ambamo bastola sharti iwe ya .45, bunduki ndefu iwe ya milimita 7.62×51, na shotigani ya namba 12 iwe ya kukokwa kwa mkono. Hao wanajua wanachokifuata. Anayeanza asiwaige.

Turudi pwani yetu, maana kaliba imewahi kuamua mambo makubwa kuliko kikombe cha ushindi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobori: za kumimina baruti na kushindilia kwa mbele. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim akaongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia Pangani, na Bwana Heri akashika Saadani. Mei 8, 1889, kamanda wa Wajerumani, Hermann Wissmann, aliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Askari wake walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15 mwaka huo. Ushujaa wa watu wake haukupungukiwa na kitu. Mwenye gobori alipokuwa bado anashindilia, mwenye Mauser alikuwa tayari kupiga tena.

Na je, wajua kwamba siku chache tu kabla ya hapo, Desemba 4, 1889, Stanley alirudi Bagamoyo akiwa na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ekwatoria, baada ya safari iliyoanzishwa kwa sehemu kubwa na njaa ya risasi? Askari wa Emin kule Ekwatoria walitumia Remington za serikali ya Misri. Walipokatiwa njia baada ya kuanguka kwa Khartoum mwaka 1885, bunduki walikuwa nazo. Risasi za kuingia katika bunduki hizo ndizo zilizokuwa zikiisha. Ghala la Misri likatoa risasi 100,000 za Remington ili zipelekwe kupitia Kongo. Sehemu ndogo tu ilimfikia.

Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulitumia elimu hiyohiyo kwa ukatili. Kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini ilipigwa marufuku kumuuzia Mwafrika bunduki yenye mifuo au ya kupakiwa nyuma. Gumegume na baruti yake ya kawaida ziliruhusiwa. Waliokaa mezani walijua vizuri walichokuwa wakikiacha na walichokuwa wakikizuia.

Je, wajua kwamba Mauser ya mwaka 1871 ilikuwa bado mikononi mwa askari wengi wa Ujerumani hapa kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914? Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipolala mpigaji. Ushindi wa Tanga mwezi Novemba uliwapa Wajerumani bunduki za kisasa za Waingereza, za kutosha kampuni tatu. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuchomwa na manowari ya Uingereza. Wapiga mbizi waliopoa bunduki 1,800 na mamilioni ya risasi, zikafunguliwa na kuanikwa zikauke. Na Novemba 1918, kamanda wao von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, Zambia ya leo, bunduki za jeshi lake karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Alibeba alichoweza kukilisha.

Hesabu ya leo haijabadilika. Kenya Ordnance Factories ya Eldoret hutengeneza risasi, zikiwemo za 9×19. Morogoro lipo Shirika la Mzinga la JWTZ. Uwanja mmojawapo ambapo mtu wa pwani hii anaweza kuona mashindano ya bastola ya vitendo ni Kirigiti, Kiambu, penye Chama cha Taifa cha Wamiliki wa Bunduki cha Kenya. Huko wengi huanza na IDPA, mchezo ambao hasa ni wa bastola, nami nauona kuwa shule nzuri: jifunze bastola kwanza, hizo mbili nyingine zitafuata.

Je, wajua kwamba uzito wa bastola wenyewe hupunguza mtikisiko? Glock 17, yenye kubeba risasi 17, ina gramu kama 630 bila magazini. CZ Shadow 2 ya chuma hufika gramu 1,330 hivi. Hii ya pili hutulia mkononi inapofyatuka. Ile ya kwanza ni nyepesi kiunoni unapokimbia na bunduki ndefu begani. Kwa Bagamoyo liko jambo la tatu: chumvi. Upepo wa bahari na jasho hula chuma usiku mmoja, na mwenye bastola ya chuma asiyeipaka mafuta baada ya kila mazoezi ataona kutu kwenye reli.

Je, wajua kinachowatoa watu mashindanoni haraka kuliko kukosa shabaha? Usalama. Mdomo wa silaha ukivuka mstari wa ubavu wako na kuelekea nyuma, unakwenda nyumbani papo hapo. Bunduki ndefu ukiitia kwenye pipa la kuwekea silaha ili uchomoe bastola, ikiwa bado ina risasi na kizuizi chake hakijafungwa, unakwenda nyumbani. Kidole kikiwa kwenye kifyatulio huku ukibadilisha magazini, vivyo hivyo. Nazipenda kanuni hizi kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Kwa hiyo, ukichagua bastola yenye kizuizi cha nje, iwe ile ambayo kizuizi chake unakifikia kwa kidole gumba bila kuigeuza mkononi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye silaha Tanzania awe na leseni. Gobori la babu lililotundikwa darini nalo limo. Kusafiri nayo kwenda Kenya kunadai vibali vya pande zote mbili, kabla ya safari.

Kwa anayeanza, hukumu yangu ni hii: bastola ya 9×19 yenye ukubwa kamili, inayoenea kiganjani mwako, pamoja na magazini nne au tano na mkoba mgumu wa kiunoni unaofunika kifyatulio. Na kabla hujajaza fomu ya leseni, nenda kwa muuza silaha mwenye kibali ukamuulize ni risasi zipi alizonazo rafuni leo, na zipi atakuwa nazo mwakani.