Sura ya Saba: Kozi na Mfugaji Mwenye Ulemavu wa Viungo

Kozi, ndege mbuai anayefunzwa kuwinda, huendeshwa kwa mizani, nyama na subira. Nguvu za mwili huja mwisho. Hata hivyo wengi huamini kwamba kazi hii yataka mikono miwili imara na miguu ya kukimbia. Pwani ya Kenya imeongeza imani mbili mbaya zaidi: kwamba ndege mbuai hutumwa na wachawi, na kwamba ulemavu ni laana. Kutoka Malindi hadi Mariakani, bundi akilia juu ya paa watu huanza kumtazama mgonjwa wa nyumba hiyo. Bundi hulia kumwita mwenzake na kulinda eneo lake, na hukaa karibu na nyumba kwa sababu panya wako huko. Mguu uliopooza kwa polio au mkono uliokatwa baada ya ajali una chanzo kinachojulikana na daktari. Anayeanza kwa kuamini uchawi hatamwelewa ndege wala binadamu mwenzake.

Siku hizi pia umezuka upuuzi wenye sura ya elimu: kwamba kozi huhisi maumivu ya mlemavu na kumponya. Kozi haponyi mtu. Hurudi mkononi kwa sababu amejifunza kwamba hapo pana nyama, na kwa sababu uzito wake umewekwa mahali ambapo ana hamu ya kula bila kudhoofika. Kama lori la mzigo lisivyopita Mariakani bila kupanda mizani, ndege haachwi kuruka kabla hajapimwa kwa gramu, kila siku. Akizidi kiasi atakaa mtini asijali mwito. Akipungua sana atakufa. Kazi hiyo ya kupima, kuandika na kukata nyama hufanywa mtu ameketi, na ndiyo sehemu kubwa ya ufugaji.

Vipingamizi vya kweli ni vitatu: kubeba, kufunga na ardhi.

Kubeba kwanza. Kozi jike wa jamii ya Falco biarmicus, anayepatikana Kenya, huwa na gramu 600 hadi 800 hivi. Uzito huo ni mdogo, lakini kiwiko kilichokunjwa kwa saa nzima huchoka, hata cha mtu mzima wa viungo. Wawindaji wa Kikazaki wa milima ya Altai, wanaobeba tai wa kilo 6 juu ya farasi, huegemeza mkono kwenye gongo lenye panda lililosimamishwa kwenye tandiko. Gongo kama hilo likifungwa kwenye kiti cha magurudumu hufanya kazi ileile, na hakuna aibu ndani yake. Aliyekatwa mkono chini ya kiwiko anaweza kuvaa glavu nene juu ya kigutu au mkono wa bandia. Tahadhari kubwa ni kwa aliyepooza na kupoteza hisia: kucha zikipenya hatajua, na kidonda kitaoza. Ndege asitue pajani mwake kamwe, na ngozi ikaguliwe kila baada ya kazi.

Kufunga ndiko kunakodhaniwa hakuwezekani kabisa, na ndiko kunakoumbua dhana hiyo. Fundo la wafuga kozi, linalotumiwa na wenye mikono miwili duniani kote, hufungwa kwa mkono mmoja. Sababu ni wazi: mkono wa pili umembeba ndege. Ugwe hupitishwa kwenye pete ya kitulio. Ncha huzungushwa kwa kidole gumba nyuma ya ugwe uliokazwa, kikafanyika kitanzi. Vidole hukunja sehemu ya ncha na kuisukuma kitanzini, kisha huvuta. Ndege akijirusha, fundo hukaza; mfugaji akivuta ncha, hufunguka mara moja. Ndiyo maana ncha hupitishwa tena ndani ya tundu lililobaki, ndege asiifungue kwa mdomo, na fundo la pili huongezwa. Anayejifunza hufanya mazoezi kwa kamba na pete mezani, kisha gizani, hadi vidole vizoee. Asiye na mkono wa kumbebea humfundisha ndege kuruka kutoka mizani hadi kitulio kwa kufuata nyama, kisha humfunga hapo kwa mkono alio nao.

Ardhi ya Mariakani ina miiba, mchanga na mawe, na jua la mchana humchosha ndege. Mazoezi yafanyike alfajiri au jioni kwenye uwanja uliofyekwa. Chambo cha ngozi na manyoya, cha kumwita ndege, huzungushwa vizuri kutoka kitini kwa kamba fupi. Magurudumu na magongo ya kutembelea yawepo tangu siku ya kwanza. Yakiletwa baadaye, kozi huyaogopa, na gongo lililoinuliwa ghafla kwake ni fimbo ya kupigiwa. Kifaa kidogo cha mawimbi kikifungwa mwilini mwake huonyesha alipo, lakini kumtoa katikati ya miiba huhitaji mwenzi mwenye miguu, na jambo hilo lisifichwe.

Mwisho ni sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inashikilia hivyo. Kumweka ndege wa mwituni bila kibali ni kosa. Kwa hiyo makinda yasichukuliwe viotani. Mahali halali pa ufundi huu ni vituo vya kutibu ndege mbuai, kama kile cha Naivasha, ambako waliojeruhiwa kwa nyaya za umeme au sumu hufundishwa kuruka tena kabla ya kuachiliwa. Uhitaji ni mkubwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za barabarani za miaka ya 1970 na za karne hii, ulionyesha jamii 19 kati ya 22 za ndege hao zimepungua Kenya. Kupima, kulisha, kutengeneza kamba na kofia za ngozi za ndege, na kumzoeza ndege chambo ni kazi ambazo mwenye ulemavu anaweza kuzisomea na kulipwa.