Utangulizi: Kuingia Jikoni kwa Mlango wa Maharagi

Swali langu la kwanza kuhusu upishi wa Goma, mashariki mwa Kongo, lilikuwa baya. Nilikwenda mtaa wa Majengo na daftari lenye safu mbili, mvua na kiangazi, nikamwuliza mama mmoja nyumbani kwake hupikwa nini jua linapotawala, Juni hadi Agosti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la maharagi mapajani. “Papa, maharake haiangalie jua,” alinijibu bila kuinua macho. “Inaangalia njia.” Nikafunga daftari, nikapewa maganda nimenye.

Karibu, basi, katika uwanja huu wa kuchunguza chakula cha nyumbani kwa kufuata mazao ya msimu. Milango yake ni mingi. Mkemia ataingia kwa sombe, yaani majani ya muhogo, maana yana sumu ambayo kinu na moto mrefu ndivyo huiondoa. Mwanahistoria atapenda sambaza, dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewahesabu kuwa wageni. Mimi nakushauri uingie kwa maharagi. Nayo ni wageni, asili yake Amerika, lakini milima hii imeyalea mpaka yakawa na rangi zisizohesabika: mekundu, ya manjano, meusi, ya madoa. Mkulima wa Masisi au Rutshuru huchanganya mbegu kwa makusudi, ili mvua ikimharibia moja, nyingine imsitiri.

Tena zao hili hulika katika kila umri wake. Mbegu zikipandwa Septemba, wiki chache baadaye majani machanga yanafika sokoni kwa jina la mushogoro. Yakifuata maganda ya kijani, ni miteja. Kuelekea Januari yanaingia maharagi mabichi, yaliyokomaa bila kukauka, kisha ndiyo makavu ya kuweka. Mvua za Februari na Machi zinaanzisha mzunguko wa pili, na mabichi yake yanaangukia Juni hivi, kiangazi kikibisha hodi. Kwa hiyo ukifunua sufuria unaweza kukisia mwezi bila kuangalia kalenda.

Tazama beseni lile kwa karibu. Ganda limeanza kugeuka manjano, limelegea. Ukilibinya kwenye mshono linafunguka lenyewe. Punje ni nene kuliko itakavyokuwa ikikauka, na ukucha unazama ndani yake. Ngozi ni laini, na hilo ndilo linaloamua mambo yote yanayofuata. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Maharagi makavu, hasa yaliyokaa ghalani, yanaweza kumaliza saa tatu juu ya mbabula, jiko la makala, yakikataa kuiva. Mabichi huiva kabla makala hayajaongezwa. Mama huyatia viazi vya Ulaya, karoti, seleri na mafuta ya mawese, na mwishoni lengalenga (mchicha) iliyokatwa, ikae kidogo tu isipoteze rangi.

Wataalamu wengi wa lishe huanza na sahani. Naona wamechelewa. Bei ya gunia la makala imo ndani ya sahani hiyo, na makala mengine hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Anayepika mabichi anaokoa moto. Anayepika makavu anaulipa.

Na njia? Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Ua wa nyumba nyingi haulimiki, labda katika magunia ya udongo uliobebwa. Mboga hutoka nje ya mji: viazi na kabichi huteremka na chukudu, baiskeli za mbao, kutoka Kibumba, mazao mengine kwa gari kupitia Sake. Maharagi makavu yanaweza kusubiri kizuizi wiki nzima. Mabichi hayasubiri, ndani ya gunia hupata joto, yakaota au kushika ukungu. Mwanzoni mwa 2024, vita vilipoibana barabara ya Sake, mizigo kutoka Minova ilipita Ziwa Kivu kwa boti, na mwanamke wa sokoni mwenye kopo la kupimia alijua habari hizo kabla ya redio. Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa Majengo. Msimu wa shamba huweza kufika salama na msimu wa jikoni usifike.

Maneno utakayokutana nayo humu ni mchanganyiko wa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na lugha nyingine za milimani. Nimeyaacha kama yanavyosemwa. Sura ya kwanza inaanzia soko la Virunga mjini Goma, saa kumi na mbili asubuhi, magunia yakiwa bado yamefungwa.