Penzi la Faroe: Utaipata wapi lugha ya wakwe?

Vuta picha. Ni Jumapili mchana, uko mezani kwa wakwe zako mjini Tórshavn. Nje upepo unavuma, mvua inanyesha na kukata, inanyesha na kukata. Mezani kuna viazi na skerpikjøt, ile nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo miezi kadhaa. Baba mkwe kasema kitu, meza nzima imeangua kicheko. Hata mwanao wa miaka minne anacheka! Wewe umetabasamu tu, kiaina, kisha ukamgeukia mwenzi wako: "Kasemaje?" Naye anakujibu kwa Kiingereza: "Ah, si kitu. Nikikutafsiria hutacheka."

Mpenzi msomaji, hakuna aliyekutukana hapo. Wanakupenda, wamekupikia, wamekupa kiti kizuri. Lakini utaishi nyumba hiyo mgeni mpaka lini?

Visiwa vya Faroe viko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, kati ya Aislandi, Norwei na Scotland. Ni visiwa 18 vilivyo chini ya ufalme wa Denmark, vyenye utawala wao wa ndani tangu mwaka 1948. Wakazi wake ni kama 55,000 tu. Yaani wote wangeweza kuingia Uwanja wa Mkapa pale Dar na viti vikabaki!

Usidhani mgeni kuolewa huko ni jambo la ajabu. Wasichana wengi wa Faroe huenda kusoma ng'ambo na baadhi yao hawarudi, hivyo wanaume wamekuwa wengi kuliko wanawake. Taarifa za mwaka 2017 zilieleza kuwa wanawake zaidi ya 300 kutoka Thailand na Ufilipino walikuwa wakiishi visiwani humo, wengi wao wakiwa wameolewa na wenyeji. Kila mmoja wao alikutana na swali lile lile: hiki Kifaroe nakijifunzia wapi?

Kwa nini vitabu ni vichache?

Ukitaka kujifunza Kifaransa, utachoka wewe kabla vitabu havijaisha. Kifaroe sivyo. Kwa karne nyingi Kidenmark ndicho kilichokuwa lugha ya kanisani, shuleni na mahakamani. Kifaroe kilibaki jikoni, kwenye mashua na kwenye ngoma. Jioni za baridi watu walikusanyika chumba chenye moto, wakichambua na kusokota sufu huku wakisimuliana hadithi na kuimba tenzi ndefu zinazoitwa kvæði. Tenzi hizo zilirithishwa kwa kichwa, si kwa karatasi.

Msomi mmoja, Jens Christian Svabo, alizunguka visiwani mwaka 1781 na 1782 na kuandika mengi aliyoyaona na kuyasikia. Yeye aliamini lugha hiyo inakufa. Haikufa! Mwaka 1846 V. U. Hammershaimb aliipatia maandishi yanayotumika mpaka leo. Mwaka 1938 ikakubaliwa kufundishia shuleni, na Biblia nzima ikachapishwa kwa Kifaroe mwaka 1949. Kwa hiyo kabati lao la vitabu bado changa. Ila shika neno moja: lugha hii iliponea midomoni mwa watu. Na wewe utaipata huko huko, vitabu vikusaidie tu njiani.

Vya kuanza navyo

Vichache, lakini vipo. Usikonde.

Kitabu cha darasani. Jonathan Adams na Hjalmar P. Petersen walitoa mwaka 2009 Faroese: A Language Course for Beginners, kimoja cha sarufi na kingine cha masomo. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kinamfaa anayeanza kabisa. Kabla yake wengi walitegemea kitabu cha W. B. Lockwood cha mwaka 1955, ambacho ni kizuri, ila kinakusomesha kama uko chuoni enzi za babu.

Kamusi. Kampuni ya uchapishaji ya Sprotin imeweka kamusi zake kwenye intaneti bure, zikiwemo za Kifaroe na Kiingereza. Ihifadhi kwenye simu, maana utaifungua mara 20 kwa siku.

Biblia. Hii ni mbinu ya mtu wa kanisani. Kama kuna sura unazijua kwa moyo kwa Kiswahili, zisome hizo hizo kwa Kifaroe. Maana unayo tayari kichwani, kwa hiyo macho yanabaki na kazi ya maneno tu.

Redio na televisheni. Shirika lao la utangazaji linaitwa Kringvarp Føroya, na redio ya visiwa hivyo ilianza mwaka 1957. Iwashe ukiwa unapika au unapiga pasi. Wiki ya kwanza utasikia kelele, wiki ya tatu utaanza kukamata majina ya visiwa na hali ya hewa. Huko hali ya hewa ndiyo habari yenyewe!

Muziki. Mwimbaji Eivør alitoa albamu ya Slør mwaka 2015 kwa Kifaroe, kisha mwaka 2017 akaitoa tena kwa Kiingereza. Sikiliza wimbo mmoja kwa lugha zote mbili, jioni moja, mkiwa wawili na taa ndogo. Darasa gani tamu kuliko hilo?

Simu. Mpaka mwaka 2024 Google Translate haikuwa na Kifaroe kabisa. Wenyewe walipochoka kusubiri, mwaka 2017 walianzisha huduma yao: mgeni anatuma neno au sentensi, mwananchi wa kawaida anajirekodi kwa video akiitamka kwa Kifaroe. Watu waligeuka kuwa kamusi! Juni 2024 Google nayo ikakiongeza, kwa hiyo leo unaweza kutoka Kiswahili kwenda Kifaroe moja kwa moja. Itumie kuelewa ujumbe wa wifi yako. Usiitumie kumwandikia mama mkwe salamu za rambirambi, itakuumbua.

Darasa. Chuo kikuu chao, Fróðskaparsetur Føroya, kilichoanzishwa mwaka 1965, kina idara ya lugha ya Kifaroe. Na zile taarifa za 2017 zilisema serikali iliwapa wageni mafunzo ya lugha bure. Ukifika tu, ulizia ofisi za manispaa kuhusu madarasa ya jioni. Usingoje mpaka utimize mwaka.

Herufi zisikutishe wala kukudanganya

Sisi tumezoea raha: Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Hammershaimb yeye aliyafuata maandishi ya kale ya Kinodi, siyo midomo ya watu wa leo. Matokeo yake herufi ð haina sauti yake yenyewe. Hv husomwa kama "kv", kwa hiyo hvussu gongur, yaani "mambo vipi", huanza na "kvussu". Ile -havn ya Tórshavn hutamkwa karibu na "haun". Na jina la lugha yenyewe, føroyskt, mdomoni linakuwa kitu kama "forist". Ndiyo maana kitabu bila sikio ni hasara. Kila neno unalojifunza, lisikie kwanza kwa mtu au redioni.

Sarufi nayo ina jinsia tatu za majina, na maneno hubadilika miisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Usilalamike sana. Sisi wenyewe tuna ngeli, na mzungu anayesema "kitabu yangu" tunamcheka.

Kuna la kufurahisha pia. Wafaroe hupenda kuunda maneno yao kuliko kukopa. Kompyuta wanaiita telda, neno lililotokana na kuhesabu, kama sisi tulivyounda tarakilishi. Tofauti ni kwamba wao telda wanaitumia kweli mtaani.

Tatizo ni ukarimu wao

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Karibu kila mtu Faroe anajua Kidenmark, na vijana wanamwaga Kiingereza vizuri tu. Ukianza kubabaika dukani, muuzaji anakuonea huruma na kukuhamishia Kiingereza hapo hapo. Anadhani anakusaidia, kumbe amekufungia mlango. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka kumi, kazi anafanya, bili analipa, na bado mezani hacheki na wenzake.

Dawa yake ni sentensi moja. Ikariri kabla ya nyingine zote: Tosa føroyskt við meg. Maana yake, "Ongea nami Kifaroe." Iseme kwa tabasamu, hata kama umekosea matamshi. Halafu tafuta mahali ambapo mikono ina kazi na mdomo uko huru. Kwaya ni pazuri. Vikundi vya wanawake wanaokutana kufuma sufu ni pazuri zaidi, maana pale umbea haupigwi kwa Kiingereza! Na usiwadharau watoto. Mtoto hana aibu ya kukusahihisha, na atarudia neno mara kumi bila kuchoka.

Na wewe uliyezaliwa huko je?

Kama mwenzi wako ndiye mgeni, usidhani hili halikuhusu. Mlianza mapenzi kwa Kiingereza, kwa hiyo kila mkijaribu Kifaroe mnahisi mnaigiza. Ni kawaida. Msibadilishe nyumba nzima kwa siku moja. Chagueni saa moja, labda chakula cha jioni, iwe ya Kifaroe tupu. Ugomvi na mapatano yabaki kwenye lugha mnayoiweza nyote, maana mtu hawezi kujitetea kwa lugha aliyoanza juzi.

Usimsahihishe mbele ya wageni. Usimcheke labda acheke yeye kwanza. Na kikubwa zaidi, acha kumwambia "si kitu". Mtafsirie huo utani hata kama utapoa, kisha mrudishie kwa Kifaroe, polepole, mpaka aukamate. Kumbuka pia kwamba mtoto wenu anakua. Akianza kumwita bibi yake omma na babu yake abbi, na mama hajui kinachofuata baada ya hapo, mama ataanza kunyamaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nawe mgeni, usiache kumsemesha mwanao lugha yako. Nyumba ina nafasi ya lugha mbili.

Mbili kushoto, moja kulia

Kila mwaka tarehe 28 na 29 Julai, Tórshavn hufurika watu kwa sikukuu ya Ólavsøka. Hapo utaiona ngoma yao ya asili. Hakuna gitaa wala kinanda. Watu wanashikana mikono kwenye mnyororo mrefu, hatua mbili kushoto, moja kulia, na kiongozi anatoa beti za kvæði. Beti zinaweza kuwa nyingi mno, hata wenyeji wengi hawazijui zote. Lakini kiitikio wanaitikia wote, tena kinarudi kila baada ya ubeti.

Basi anzia hapo. Jifunze kiitikio kimoja tu, ingia kwenye mnyororo, shika mkono wa baba mkwe upande mmoja na wa mwenzi wako upande wa pili. Ikifika zamu ya kuitikia, paza sauti. Jumapili itakayofuata, mezani, utaanza kukamata neno moja moja la ule utani wa mzee.

Na siku ukiucheka kabla hujatafsiriwa, geuka umwangalie mwenzi wako usoni. Kila la heri!