Jaji Aliyengojeshwa Mlangoni

Kila muhula, tunapofikia somo la maneno yaliyobeba historia, huwapa wanafunzi wangu neno "uhuru" pamoja na kisa cha wakili Mmarekani Mweusi, Thurgood Marshall. Januari 1960 alifika Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya, kabla ya kuwashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Kule Kiambu, kwa masimulizi yake mwenyewe, ofisa wa serikali ya kikoloni alimkataza kuuhutubia umati. Akaomba aseme neno moja tu. Aliporuhusiwa, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka kwa shangwe.

Wanafunzi hucheka. Lakini kisa ninachotaka wakijue zaidi ni cha mwaka uliofuata, nacho hakichekeshi.

Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland hakikuwapokea Weusi, basi akasomea Howard, akafuzu mwaka 1933. Kufikia mwaka 1936, yeye na mwalimu wake Charles Houston walikuwa wamekishinda chuo hichohicho mahakamani, kikalazimika kumpokea mwanafunzi Mweusi. Kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma, walimu wanaijua. Sina haja ya kuirudia.

Septemba 1961, Rais Kennedy alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Eneo la Pili, linalojumuisha New York, Connecticut na Vermont. Jaji wa namna hiyo hushika kazi maisha yake yote, ila sharti Seneti imwidhinishe. Kwa kuwa Seneti ilikuwa likizoni, Kennedy alimpa uteuzi wa muda mwezi Oktoba. Marshall akavaa joho, akawa anaamua rufaa za watu ilhali kiti alichokalia hakikuwa chake bado.

Hapo ndipo hila ilipoingia. Kamati ya Seneti iliyopaswa kumhoji iliongozwa na James Eastland wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Kamati haikuhitaji kumkataa. Ilitosha kukawia, kwani lau Seneti ingenyamaza hadi mwisho wa kikao chake, uteuzi ule wa muda ungekufa wenyewe. Sisi wanaisimu tunajua kwamba kimya nacho ni usemi, tena aghalabu ni usemi wa mwenye nguvu. Seneti ilimwidhinisha tarehe 11 Septemba 1962, kwa kura 54 dhidi ya 16.

Msomaji asidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2019, Tume ya Huduma za Mahakama nchini mwetu ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta alipowateua Juni 2021, aliwaacha nje sita, wanne wao wakiwa wa Mahakama ya Rufaa. Hao waliapishwa Septemba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Marshall alitoka mahakama ya rufaa mwaka 1965, akawa wakili wa serikali katika Mahakama ya Juu. Mwaka 1967 Rais Johnson alimteua jaji wa mahakama hiyo. Alirudi mbele ya kamati ileile, na mwenyekiti alikuwa Eastland yuleyule.